Frankenstein kwa watoto: ufupisho au katuni?

Hapa Ngamiani, Tanga, swali haliishi: Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya 1818 kuhusu mwanasayansi anayeunda jitu likapata uhai, umfupishie mtoto, au umchoree?

Kwa gharama, ufupisho: kurasa chache, fotokopi, basi. Katuni inataka mchoraji, lakini mtoto anayesoma kwa kudonoadonoa huimaliza.

Hofu ndiyo kiini. Picha humwonyesha mtoto jitu mara moja. Maneno humwacha alijenge mwenyewe, taa ikishazimwa. Nilipomsomea binti yangu pale jicho la manjano linapofunguka, alining'ang'ania kanga. Ila ukifupisha vibaya unakata mahali jitu linapozungumza lenyewe, likililia upweke wake. Uso uliochorwa vizuri huubeba upweke huo kwa kisanduku kimoja.

Wa darasa la tatu, mwanzishe na picha. Wa la sita, aliyezoea hadithi za majini za bibi, mpe maneno.