Mwaka mmoja na programu ya kufuatilia vimbunga, kutoka South B

Msimu wa vimbunga wa Bahari ya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kwa wakazi wengi wa Nairobi, ambao wakati huo wanahangaika na baridi na masweta ya watoto, tarehe hizo hazina uzito wowote. Nyumbani kwetu South B zina uzito, kwa sababu dada yangu ni muuguzi katika mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida, na Mama hapati usingizi akisikia jimbo hilo likitajwa kwenye taarifa ya habari. Ndiyo maana Mei mwaka jana nililipia programu ya simu ya kufuatilia vimbunga, mojawapo ya zile zinazotozwa kwa mwaka, kwa takriban shilingi 2,600. Jina lake nitalihifadhi. Sasa nimetumiwa ujumbe wa kulipia tena, nami nimeona niandike niliyoyaona kabla sijaamua.

Iliyonisukuma kununua ni misukosuko ya mwaka 2024. Usiku wa tarehe 26 Septemba mwaka huo kimbunga Helene kilipita baharini, magharibi ya mji wa Dada, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 150, kikaenda kutua kaskazini katika eneo la Big Bend kikiwa cha daraja la 4 kati ya 5 za nguvu ya upepo. Sisi tulitazama kwenye televisheni mstari mwekundu wa njia ya kimbunga, tukaona uko mbali naye, tukalala. Asubuhi alitutumia picha ya ukuta wa sebule ya jirani yake: alama ya matope ilikuwa imepita juu ya soketi za umeme, na kochi lilikuwa limesukumwa hadi mlangoni. Bahari ilikuwa imeingia mitaani ilhali jicho la kimbunga halikukaribia hata kidogo. Wiki mbili baadaye kikaja Milton, na safari hii mstari ulielekea kwao moja kwa moja. Tulikesha hadi saa tisa na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba, kilipotua Siesta Key, kusini zaidi ya ilivyohofiwa, na upepo, badala ya kuyaleta maji ya Ghuba ya Tampa ufukweni, ukayasukuma nje. St. Petersburg haikusalimika kwa hilo, kwani ilinyeshewa zaidi ya milimita 450 za mvua, na Dada alirudi kazini akitembea ndani ya maji ya magotini.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu kitakachoniambia habari za maji, si za mstari tu.

Jambo ambalo programu hii inalifanya vizuri ni kuwahi. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa taarifa mpya kila baada ya saa sita, na nyakati zake zikibadilishwa kuwa za Nairobi zinaangukia saa sita na saa kumi na mbili, mchana na usiku, kana kwamba zilipangwa na mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Simu hulia dakika chache tu baadaye. Mama amezoea mlio wa saa kumi na mbili jioni kama wengine walivyozoea adhana. Huweka kisu chini, huacha sukuma wiki kwenye ubao, na kuniita nije nimsomee. Kipimo kikubwa kilikuwa Melissa, kilichotua Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa cha daraja la 5. Kilitua saa mbili usiku kwa saa zetu, na kwa siku kadhaa kabla yake programu ilikuwa ikionyesha kwamba kinakwenda polepole mno, jambo linaloongeza mvua mahali pamoja. Hapo sina lawama.

Ramani ya upepo nayo inapendeza kutazama, ingawa inakula bando bila huruma. Ukiirudisha nyuma kwa siku kumi unaweza kuona mawimbi ya hewa yakianzia juu ya Afrika, upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yakisafiri kuelekea magharibi na kuingia baharini Senegal, ambako baadhi yake hugeuka kuwa vimbunga vikubwa. Mama alipooneshwa hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe tunawapelekea sisi.”

Kasoro ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba programu imeupa ule mstari nafasi yote ya ukurasa wa mbele, pamoja na umbo la koni linalouzunguka, bila maelezo yoyote. Koni hiyo huchorwa kwa kutumia makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita, kiasi kwamba kitovu cha kimbunga hubaki ndani yake takriban mara mbili kati ya tatu, na haisemi lolote kuhusu ukubwa wa kimbunga chenyewe. Anayekaa nje ya koni hudhani amepona. Ramani ya bahari kupanda na kuingia nchi kavu ipo, lakini imefichwa, na mpaka uifikie umebonyeza mara nne. Huu ni mpangilio wa ajabu, maana uchunguzi wa vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga nchini Marekani kati ya 1963 na 2012 ulionyesha kuwa takriban tisa kati ya kila kumi vilitokana na maji.

Kosa hilohilo limeingia katika sehemu ya vimbunga vya zamani, ambayo vinginevyo ningeisifu. Vimepangwa kwa kasi ya upepo wakati wa kutua, hivyo Andrew cha 1992 kimekaa juu kabisa, na Katrina cha 2005, kilichofika Louisiana kikiwa cha daraja la 3, unakikuta chini sana, kana kwamba si kuta za kuzuia maji zilizobomoka na kuiacha takriban asilimia 80 ya New Orleans ndani ya maji. Mitch cha 1998, ambacho mvua yake iliua watu zaidi ya 11,000 huko Amerika ya Kati, hasa Honduras na Nicaragua, kimeandikiwa mistari miwili.

Bahari yetu ya Hindi imetendewa kama mtoto wa kambo. Idai cha 2019 kipo, na Freddy, kilichodumu siku 36 mwaka 2023, kipo pia, lakini nilitafuta kimbunga kilichoibomoa mikarafuu ya Unguja mwezi Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, sikukiona. Nikatafuta cha Lindi cha 1952, nacho hakipo. Zaidi ya hayo, kituo cha kisiwa cha Réunion kinachosimamia upande wetu hupima upepo kwa wastani wa dakika kumi, ilhali Wamarekani hutumia dakika moja, na programu huchanganya namba hizo bila kusema, hivi kwamba kimbunga kimoja huonekana kimepata nguvu ghafla kwa sababu tu kipimo kimebadilishwa. Mtu wa Mafia au Mtwara, aliyekiona kimbunga Hidaya Mei 2024, asiitegemee.

Kuhusu Kiswahili, kipo kwenye orodha ya lugha, na ni heri kisingekuwepo. Tangazo la kuwataka watu wakae chonjo, linalotolewa saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, limetafsiriwa kuwa “Saa ya Kimbunga”, kwa kuwa neno lake la Kiingereza, “watch”, ni lilelile la saa ya mkononi. Kutua kwa kimbunga, “landfall” kwa Kiingereza, kumekuwa “maporomoko ya ardhi”. Mama alisoma tangazo la kwanza kwa sauti, akavua miwani, akaniuliza, “Hiyo saa ya kimbunga ni saa ngapi?” Tulicheka, lakini siku ile ile nilirudisha Kiingereza, na tangu hapo mkalimani ni mimi.

Malipo ya mwaka mzima sitayafanya. Kilele cha msimu huwa karibu na tarehe 10 Septemba, na wana mpango wa kulipa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo nitalipia Agosti, Septemba na Oktoba peke yake, kwa ajili ya ule mlio. Miezi mingine tutasoma taarifa za Miami bila malipo, na ramani ya maji nimeshaihifadhi kwenye simu ya Mama, ukurasa wa kwanza, karibu na M-Pesa.