Mashine ya biskuti kwenye mbao za milimita 12: uzoefu wangu

Ninayoitathmini ni mashine ya kukata mifuo (matundu membamba) ya biskuti, yaani vipande vidogo bapa vya mti vinavyounganisha mbao mbili. Ni ya bei ya chini, ya volti 240, kisu cha kipenyo cha milimita 100 chenye unene wa 4. Kazi yangu nayo ni visanduku na droo za mvule na musizi, mbao za milimita 12, kona zimekatwa digrii 45. Kazi hiyo inaiweza, ila mfuo usiupige katikati.

Wengi hukosea hapo hapo. Mbao ya milimita 12 ikikatwa mshazari, uso wake unakuwa na upana wa milimita 17 hivi. Kisu kinaingia wima kwenye uso huo, kwa hiyo kinaelekea upande wa nje wa sanduku. Biskuti namba 0 (namba ni saizi yake) inataka kina cha milimita 8. Ukianzia katikati, kisu kinatoboa nje. Weka katikati ya mfuo milimita 4 kutoka ukingo wa ndani, utabakiwa na milimita 2 za mbao upande wa nje. Namba 20, ambayo kina chake ni milimita 12, isahau mpaka ufike mbao za milimita 18. Na mbao za milimita 9 hazifai hata kwa namba 0.

Upana nao una kikomo. Biskuti namba 0 ina urefu wa milimita 47, lakini kisu cha duara huacha mfuo wa 54. Mbao ya chini ya milimita 60 itaonyesha tundu pembeni.

Udhaifu wa mashine hii ni fensi, yaani bamba la mbele linaloegemea mbao na kushika pembe. Alama ya digrii 45 iliyochorwa ubavuni si ya kuamini. Mimi hutumia kipande kilichokatwa tayari, nikaifunga fensi juu yake. Skrubu za kufungia hulegea kwa mtetemo, kwa hiyo kila baada ya mifuo kama 10 pima tena. Fensi iegemee upande wa nje wa mbao. Ukipigisha mbao randa pale Ndeeba, Kampala, pima kila moja: tofauti ya nusu milimita ikiwepo, itajificha ndani ya sanduku na kona ya nje itakutana sawasawa. Sukuma polepole, mkono mmoja ukikandamiza fensi. Mashine ikiinuka kidogo tu, mfuo unakuwa mpana na biskuti inacheza.

Wakati wa kuunga, ule ujanja wa kubandika tepu upande wa nje kisha kukunja kona haufanyi kazi. Biskuti iliyochomoza haiwezi kuingia kwa kuzunguka, lazima iingie moja kwa moja. Unga kwanza pande mbili mbili upate herufi L mbili, halafu zisukume zikutane kwa mshazari. Kona mbili zilizobaki zitafunga kwa pamoja. Jaribu bila gundi kwanza.

Gundi iwe ile nyeupe ya maji. Biskuti ni mti wa beech uliokandamizwa, na ni maji ya gundi yanayoivimbisha ikabana. Gundi ya njano ya viatu haiivimbishi kabisa. Paka ndani ya mfuo na kwenye uso wa mshazari. Uso huo hunywa gundi sana, basi paka mara ya kwanza, subiri dakika chache, paka tena. Ukishaingiza biskuti usisimame kuongea na mteja, maana huanza kuvimba mara moja.

Msasa usiharakishwe. Zile milimita 2 za nje hutuna kwa unyevu. Ukizisawazisha siku hiyo hiyo, zikikauka zinaacha shimo dogo lenye umbo la biskuti, na vanishi italionyesha vizuri. Mimi husubiri siku 2, msimu wa mvua 3. Biskuti zenyewe zihifadhi kwenye mkebe unaofunga kabisa, la sivyo Novemba utazikuta zimeshanenepa na haziingii.