TAHADHARI: Snokeli "za kale" zinazouzwa Moshi na Arusha

Wakuu, kabla hujatuma hela soma hapa. Kuna jamaa anashinda soko la Memorial pale Moshi, na Arusha anauzia kwenye magrupu ya WhatsApp. Anauza snokeli, yale mabomba ya kupumulia ukiogelea uso ukiwa majini, eti ni Cressi za Italia za miaka ya 1950. Cressi ni kampuni ya kweli ya Genova tangu 1946, haihusiki na huu wizi. Mimi nimeliwa 180,000. (Ndiyo, naishi Moshi na nakusanya vifaa vya kuzamia. Kila mtu na ugonjwa wake.)

Sura ndiyo iliyoniponza. Bomba limepinda kama herufi J, juu lina kikapu chenye kipira cha tenisi ya mezani. Muundo huo ulikuwepo kweli enzi hizo: ukizama, maji yanakiinua kipira kinaziba tundu, ukiibuka kinashuka. Wazamiaji wengi waliukimbia kwa sababu kipira hunasa na hewa ikakatika, wakarudi kwenye bomba wazi ambalo maji yakiingia unayapuliza tu.

Nyumbani nikakagua sehemu ya kung'ata. Silikoni! Miaka ya 1950 ilikuwa raba, na raba ya umri huo huwa imekakamaa na kupasuka, au inanata kama lami. Hii laini kama chuchu ya chupa ya mtoto. Nikasugua bomba kwa mafuta ya taa, "uzee" wote ukatoka na kitambaa: dawa ya viatu juu ya msasa. Chini yake ikatokea alama ya CE, ile ya kuonyesha bidhaa inafuata masharti ya Ulaya, ambayo waliianzisha miongo kadhaa baadaye. Nikampigia, akasema "labda ilifanyiwa sevisi, kaka", kisha akaniblok.

Hela yangu nimeshaisamehe. Kinachoniudhi ni kwamba vijana wanaopeleka wageni Zanzibar anawauzia mabomba mawili aliyoyaunga, karibu sentimita 70, eti utazama chini zaidi. Kiwango cha Ulaya kwa mtu mzima kinaishia sentimita 38. Bomba likizidi, hewa uliyoitoa inabaki humo unaivuta tena, na ukiwa chini zaidi maji yanakibana kifua kishindwe kutanuka. Mtu anaweza kuzimia kimyakimya, mwenzake akadhani anaangalia samaki.

Namba ya simu anabadilisha kila wiki, kwa hiyo siiweki. Aliyeuziwa ile iliyoungwa aikate leo.