Kamusi ya mitumba, Moi Avenue: nunua, lakini kagua kurasa

Kamusi hii ya Kiingereza kwa Kiingereza niliipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, Moi Avenue, shilingi 450 baada ya kupatana. Ninafundisha watu wazima jioni huku Kayole, kwa hivyo kamusi yoyote huipima kwa neno moja: "run". Hapo haikuniangusha hata kidogo. Imeeleza mtu kukimbia, mfereji kutoa maji, pua kutoka kamasi, mwanasiasa kugombea kiti, mama kuendesha duka, basi kufanya safari zake, leso kuchuja rangi, hata soksi ndefu kufumuka uzi. Kila maana ina sentensi ya mfano, na hicho ndicho ninachokithamini zaidi. Fasili tupu haimsaidii mwanafunzi aliyetoka kazini amechoka. Ile kamusi kubwa ya Oxford ya 1989, yenye juzuu 20, ililitengea neno "set" nafasi ndefu kuliko maneno yote. Hii yangu si kubwa hivyo, lakini yanitosha darasani. Karatasi ni nyepesi, jalada limelegea. Kabla ya kulipa, fungua herufi S: nakala ya kwanza niliyopewa ilikosa kurasa hapo, na muuzaji akanibadilishia papo hapo.