Ziara ya injini za ndege: nendeni, ila mwongozaji mwacheni

Nina hasira nao mpaka leo. Makumbusho yenyewe siyataji, ni ya ndege huku Uingereza, lakini ile ziara ya kulipia ya ukumbi wa injini msiipotezee pesa zenu.

Mzee anayetembeza watu alianza vizuri tu. Tulipofika kwenye Merlin, injini ya Rolls-Royce iliyorusha Spitfire, akasema imezaliwa na injini ya R ya kampuni hiyohiyo, ile ya mashindano ya mbio za ndege ya Schneider ya 1929 na 1931, basi. Nikauliza kwa adabu: na Kestrel je, ile ya Rolls-Royce iliyoitangulia? Maana R ilitokana na Buzzard, injini yao nyingine, dude ambalo silinda zake zina ujazo wa lita 36.7, na ukubwa huohuo ndio uliokuja kurithiwa na Griffon, injini yao ya baadaye. Merlin ni lita 27, Kestrel iliyotanuliwa. Sawa, kwa R ilijifunza mengi, hasa mambo ya supachaja, ile pampu ya kuisindilia injini hewa, lakini kujifunza si kuzaliwa.

Akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza natoka wapi. Leicester, mji wa hukuhuku Uingereza, nikamwambia. "Hapana, kwenu hasa?" Watu wakacheka.

Mimi ananitafutia asili, ila asili ya injini yake hataki kuisikia! Angeniacha nimalize, angelazimika kukiri kwamba somo lilitoka Marekani. Richard Fairey, mtengenezaji ndege wa Kiingereza, ndiye aliyeleta Curtiss D-12, injini ya Kimarekani, akaifunga kwenye Fairey Fox, ndege ya mabomu iliyokuwa ikiziacha nyuma ndege za kivita za Waingereza wenyewe. Aibu tupu. D-12 moja ikafunguliwa nati kwa nati kule Derby, kiwandani kwa Rolls-Royce, na mhandisi wao Rowledge akatoka na bloku ya alumini, kipande kimoja kwa kila safu ya silinda sita, badala ya kila silinda kuvalishwa koti lake la maji la chuma. Ndiyo Kestrel hiyo. Kwa injini hiyo Hawker Fury ikawa ndege ya kivita ya kwanza ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, kupita maili 200 kwa saa. Hata Bf 109 ya kwanza kabisa, ndege ya kivita ya Wajerumani, 1935, iliruka na Kestrel kwa kuwa injini ya Wajerumani haikuwa tayari! Yote hayo mzee kayanyamazia.

Nyota moja.

Ingawa, jamani, ile Kestrel waliyoikata ubavu ili ndani ionekane... krenki, konrodi, valvu nne kwa kila silinda, yote peupe. Niliganda hapo mpaka walinzi wakaanza kufunga milango. Haya, tatu. Nne ukitembea mwenyewe. Yule mzee, hata nusu simpi.