Moshi mweupe kwenye pikapu: kipima gesi cha rejeta kinafaa, ila jua kinapokosea

Pikapu ikianza kutoa moshi mweupe, hukumu hutoka haraka: gasketi ya hedi imeungua, yaani kizibo kati ya hedi (kifuniko cha silinda) na bloku ya injini. Hedi inafunguliwa, inasagwa, gasketi mpya inafungwa, kisha moshi unabaki palepale kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye nozeli, kinyunyizi cha mafuta. Kipima gesi cha rejeta kimetengenezwa ili swali hilo lijibiwe kabla spana haijagusa bolti ya hedi. Ni mrija wenye vyumba viwili, chini una mpira wa koni wa kuziba mdomo wa rejeta, juu una balbu ya kuvutia hewa, na huja na kichupa cha dawa ya buluu. Ukiminya balbu, hewa iliyo juu ya maji inapita ndani ya dawa. Gesi ya silinda ikiwa imevuja hadi kwenye maji, kaboni dayoksidi iliyomo hubadilisha rangi: kwa petroli dawa huwa ya njano, kwa dizeli mara nyingi huishia kijani, maana dizeli isiyobebeshwa mzigo hutoa gesi hiyo kidogo.

Kabla ya kukitoa kwenye boksi, tumia pua. Moshi mwembamba wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto ni mvuke tu. Kila lita ya mafuta inayoungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Moshi unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyopita bila kuungua: hita plagi (za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) zimekufa, nozeli inadondosha, kompresheni imeshuka, au pampu imechelewa kusukuma mafuta. Hapo kifaa hiki hakina kazi. Mahali pake ni pale moshi ulipo mzito, unaning'inia hewani hata injini ikiwa na moto, una harufu tamutamu ya kulanti (maji ya rejeta yenye kemikali ya kupoza), na maji yanapungua bila tone kuonekana chini ya gari.

Kipimo chenyewe ni chepesi, lakini wengi hukiharibu kwa pupa. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, kamwe si ikiwa imechemka. Punguza maji hadi sentimita 5 hivi chini ya mdomo, washa, na usubiri hadi mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, ishara kwamba thamostati, vali inayoruhusu maji ya moto kwenda rejeta, imefunguka. Maji hupanda yakipata joto, kwa hiyo huenda ukalazimika kuyanyonya tena kidogo. Jaza dawa hadi mstari katika kila chumba, kandamiza koni isiachie upenyo, minya balbu kwa dakika mbili. Kulanti ikiingia kwenye dawa, matokeo hayana maana tena: mwaga, suuza kwa maji safi, kausha, anza upya.

Na dawa yenyewe huchoka ikikaa wazi. Ipime kwa kupulizia pumzi yako ndani ya mrija. Pumzi ya binadamu ina kaboni dayoksidi takriban asilimia 4, inatosha kuigeuza dawa nzima kabisa. Isipogeuka, itupe.

Sasa kasoro, na hapa ndipo watu hupotoka. Jibu la "ndiyo" ni la kuaminika. Jibu la "hapana" halijasafisha jina la gasketi. Kuna ufa unaofunguka injini ikibeba mzigo tu. Ongeza mwendo wa injini hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa kila dakika, kisha pima tena. Kuna pia uvujaji wa upande mmoja: gari likizimwa, presha ya rejeta inasukuma maji ndani ya silinda, na asubuhi injini inawaka kwa kutetemeka huku ekzosi ikitoa wingu. Huo dawa inaweza kuukosa kabisa. Suluhisho lake ni pampu ya presha ya rejeta: ijaze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, iache nusu saa au zaidi, toa plagi au hita plagi zote, funika matundu kwa kitambaa, simama pembeni, piga stata. Silinda yenye hatia itatema maji. Usipige stata plagi zikiwa zimefungwa kama unashuku maji yamejaa humo. Maji hayabanwi kama hewa, konrodi, mkono unaosukuma pistoni, ndiyo itapinda. Kwenye petroli, plagi iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake inakuonyesha silinda ipi.

Hata "ndiyo" ina kona yake. Dizeli nyingi za kisasa zina kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini, na moshi hupita humo ukizungukwa na kulanti. Kikipasuka, moshi mweupe hutoka, maji hupungua, na gesi inaweza kuingia rejeta. Kitoe, ziba matundu ya maji, kijaze hewa kiasi ndani ya ndoo ya maji, angalia mapovu. Ni kazi ya mchana mmoja kulinganisha na kushusha hedi.

Maji yasipopungua na dawa ikabaki buluu, chomoa mpira wa hewa wa sevo ya breki (kiongeza nguvu ya breki), na kwenye gari la zamani la gia otomatiki, mpira unaotoka gia boksi kwenda manifoldi, njia ya hewa inayoingia injini. Ukikuta ndani yake mafuta ya breki au ya gia, umemkamata mwizi: injini inayanyonya na kuyaunguza, hasa kwenye petroli.

Hedi ikilazimika kushuka, ipime kama imepinda kwa rula ya chuma na fila geji (visahani vya kupima mwanya). Zaidi ya milimita 0.1 watengenezaji wengi hawakubali, wengine huishia 0.05. Kwenye dizeli hesabu alama za unene wa gasketi ya zamani kabla hujanunua mpya. Bolti za kunyooka, zinazovutika zikikazwa, hazirudishwi.

Baadhi ya seti huja na chupa ya dawa ya kuziba ufa. Iache. Huziba pia mirija myembamba ya hita na rejeta, na fundi atakayefuata atakulaumu kwa haki.

Ukinunua, chagua chenye vyumba viwili. Cha chumba kimoja hunywa maji kirahisi. Hakikisha kuna koni zaidi ya moja, au adapta ya kufunga kwenye chupa ya akiba ya maji, kwani pikapu nyingi mpya hazina mfuniko juu ya rejeta.