Kiti namba 14 kiliuzwa mara mbili: uzoefu wangu wa miezi minane na JGroups

Niliandika programu ya kukatia tiketi kwa ofisi moja ya mabasi hapa Dar es Salaam. Kaunta tatu, kompyuta tatu, swichi moja, seva hakuna. Bosi hakutaka kusikia habari ya intaneti kwa sababu ikikatika abiria hawasubiri. Basi kila kaunta ikawa na daftari lake, na kila ikiuza inazitangazia nyingine mbili.

Siku ya tano, basi la Mbeya la alfajiri, kijana ameshakaa kiti namba 14, akapanda mama na kikapu chake. "Mwanangu, hapo pangu." "Mama, tiketi yangu hii hapa, isome." Zote mbili halali, zimepishana sekunde moja. Konda hakumpigia bosi, alinipigia mimi.

Ndipo nikaijua JGroups. Ni maktaba ya lugha ya Java, yaani msimbo ulioandikwa tayari, wa kuunganisha programu za kompyuta kadhaa ziwe kikundi kimoja kinachotumiana ujumbe. Ni ya bure, leseni ya Apache 2.0. Ilianzishwa na Bela Ban mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Hapo hapo ndipo Ken Birman na wenzake walipotengeneza Isis miaka ya 1980, mfumo wa kazi kama hiyo hiyo uliokuja kutumika hadi soko la hisa la New York. Nikajisemea, kama hisa zimewezekana, siti za basi zitanishinda?

Siku ya kwanza zilinishinda. Kila kompyuta ilijiona iko peke yake na kujitangaza mkuu wa kikundi, yaani wafalme watatu ofisi moja. Kumbe JGroups ilikuwa imeshika kadi ya mtandao siyo, ile ya bandia niliyowahi kuiweka kwa majaribio. Nikaandika anwani sahihi kwenye bind_addr, mpangilio unaoiambia itumie kadi ipi, wakaonana. Kaunta ya tatu inatumia waya-lesi na ruta yake ilikuwa inameza ujumbe unaotumwa kwa wote kwa mkupuo, kwa hiyo nikahamia TCP, njia ya kumtumia kila mmoja peke yake, na kuorodhesha anwani zote tatu kwa mkono. Halafu toleo la 5 linataka Java 11, na mashine moja ilikuwa bado na 8.

Baada ya hapo raha. Kila ujumbe una namba, na kaunta ikipokea wa 41 kisha wa 43, inajua 42 umepotea njiani na inaudai. Nilichomoa waya kidogo na kuurudisha huku nikiuza tiketi za uongo, hakuna hata moja iliyopotea.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ile ile kiti kingine kikauzwa mara mbili.

Kosa lilikuwa langu. Mpangilio unaokuja na JGroups moja kwa moja ni wa kila mtumaji na zake: ujumbe wa kaunta ya kwanza utafika kwa zamu yake, wa kaunta ya pili vilevile. Ila nani kati ya hao wawili ametangulia, hapo haijaahidi kitu. Wote wakibonyeza kwa pamoja, kila mmoja anajiona yeye ndiye wa kwanza. Dawa yake ni kuongeza mstari mmoja, SEQUENCER. Sasa kila ujumbe unapitia kwanza kwa mkuu wa kikundi, naye anaupa zamu, na kaunta zote tatu zinaona foleni moja. Mkuu akizima, anayemfuata kwenye orodha anashika nafasi.

Hata hivyo foleni peke yake haitoshi kama unaprinti tiketi karani akibonyeza tu. Nilihamisha amri ya kuprinti kutoka kwenye kutuma kwenda kwenye kupokea: kaunta inasubiri ujumbe wake yenyewe urudi, ikikuta kiti bado kiko wazi ndipo karatasi inatoka. Karani hata hajui kama anasubiri. Tangu siku hiyo konda hajanipigia kwa habari ya viti.

Kuna jambo moja JGroups haitakusaidia. Mtu wa usafi alivuta waya wa ruta kwa mopu, kaunta ya tatu ikabaki peke yake, ikajipa ukuu na kuendelea kuuza. Waya uliporudi, MERGE3, sehemu ya JGroups ya kurudisha pamoja waliotengana, ikawaunganisha vizuri na kunijulisha kwamba wameungana. Lakini lipi kati ya madaftari mawili ndilo la kweli? Hilo ni lako. Sasa programu yangu inahesabu waliomo, wakiwa chini ya wawili kitufe cha kuuza kinazimwa. "Kaka, mashine yako imegoma tena." Dada, imegoma kwa makusudi, angalia waya.

Pia usitegemee itakuhifadhia chochote umeme ukikatika, ujumbe wote unakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Mimi naandika kila mauzo kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ya kila mashine, na inayochelewa kuwaka inanakili daftari kutoka kwa mkuu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya faili lake la mipangilio la XML, ambamo sehemu zake kama SEQUENCER hupangwa ngazi juu ya ngazi: mstari wa juu kabisa ndio ngazi ya chini kabisa, na wa mwisho ndio wa juu. Usiku mmoja mzima nilikuwa naweka SEQUENCER kichwa chini miguu juu.